Shikamoo ya Mwisho wa Kikao

Wiki ya kwanza baada ya kustaafu niliamka alfajiri kila siku, nikavaa mabuti yangu ya mpira, nikafika mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba sina pa kwenda. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. Basi nimeona badala ya kuichakaza sakafu ya nyumbani, niwaandikie ninyi vijana mliobaki ofisi ya masoko yale ambayo hayamo kwenye mwongozo wa kazi. Habari za vyeo sitazisema. Vyangu vilikuwa vichache na vyote vilichelewa. Nitasema habari za chaki, filimbi, nazi na shikamoo.

Nimezaliwa Ilala. Wazazi wangu walitoka Kilimanjaro wakafungua kaduka ka vyakula, na tangu utotoni Kariakoo tulikuwa tunaenda kwa miguu kuchukua bidhaa. Kwa hiyo nilipopangiwa kazi ya msimamizi msaidizi katika soko lile dogo lililo kati ya Kariakoo na Ilala, nilijiona mwenyeji. Siku ya kwanza nikavaa viatu vya kisigino. Sakafu ya soko wakati ule ilikuwa udongo, maji ya samaki na maganda ya ndizi. Kabla jua halijawa kali, kisigino kimoja kilikuwa kimebaki mahali fulani kati ya dagaa na mchicha, na wauza mchicha wameshanipa jina la Bibi Harusi. Jina lile lilinikaa muda mrefu kuliko viatu.

Msimamizi wetu alikuwa Mzee Kibwana, mtu wa Pwani, mfupi, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono iliyopigwa pasi hata siku za mvua. Hakunikaribisha kwa hotuba. Alinipa kipande cha chaki na filimbi.

"Chaki ya kugawia, filimbi ya kuitia mgambo," akasema. "Ukiona unapuliza filimbi kila siku, binti, ujue chaki yako hujaipiga vizuri."

Maana yake niliielewa kesho yake. Soko halikuwa na meza za kudumu. Kila alfajiri tulichora mistari chini, kila mwuzaji na mraba wake, kabla wanunuzi hawajaingia. Tatizo ni kwamba mistari ile ilikuwa inatembea. Ungeiacha mahali pake, ukaenda kunywa chai, ukirudi imesogea kwa jirani. Hodari wa mchezo huo alikuwa Bi Tatu, mwuza nazi, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, aliyejua kuburuta pindo la kanga juu ya chaki huku akikuuliza hali ya wazazi. Siku moja nilimkuta ameshameza robo ya mraba wa mwuza tangawizi. Nikamwambia amevuka mstari.

"Mimi?" akasema. "Mwanangu, mimi nimekaa hapa tangu asubuhi. Huo mstari wako ndio unaonikimbia."

Mzee Kibwana ndiye aliyenifundisha kuloweka chaki kwenye maji ya sukari. Mstari wake hukauka ukashika chini, kanga haiufuti. Ubaya wake ni sisimizi. Nao hupanga foleni juu ya mstari, na ukweli ni kwamba walinisaidia, kwa sababu hakuna mtu anayependa kuweka mguu wake juu ya sisimizi. Bi Tatu aliponiona na chaki yangu ya sukari aliguna, akanikata nazi nikanywa maji yake, na tangu siku hiyo tukawa marafiki.

Kuna jambo jingine nililojifunza kwa mzee yule, na hili ndilo lililokuja kunisaidia siku ya shida. Kila baada ya kikao cha wafanyabiashara alikuwa anabaki amesimama pembeni, hasemi na mtu, anatazama tu. Nikamuuliza anatazama nini.

"Waliosema nimeshawasikia," akasema. "Natazama wanaofunga mizigo. Mtu aliyekubali hurudi kwenye biashara yake. Asiyekubali utamwona anafunga mzigo, hata kama alipiga makofi."

Miaka ikaenda. Mzee Kibwana akastaafu, usimamizi ukaangukia kwangu, na mimi nikapata wasaidizi wa kuwapa chaki. Halafu ikaja habari ya kubomoa soko na kulijenga upya. Tulihamishiwa kwenye kiwanja cha muda upande wa Mchikichini, tukala vumbi pamoja na wauza mitumba, na jengo lilipokamilika tukarudi tukiwa tumejaa furaha. Lilikuwa zuri kwelikweli. Vigae, mabomba ya maji, meza za saruji, tena la ghorofa moja. Nilipanda ngazi zile siku ya kwanza nikasimama juu nikitazama paa za Kariakoo, nikajiona mtu.

Kisha nikashuka, na wakati nashuka nikawaza: nani atapanda huku kununua nazi?

Ndipo ulipoanza mgogoro. Meza za chini zilikuwa chache. Wazee waliokuwapo tangu enzi za chaki walitaka chini, na haki wanayo: walikuta pori wakalifanya soko. Vijana walioingia baadaye, wengi wao wakisukumwa huku na huko mitaani kabla ya kupata mraba kwetu, nao walitaka chini, na haki wanayo: wana watoto wadogo, na maisha yao yote yako mbele. Kamati ikaitisha kikao tuamue utaratibu.

Wazee walisema kwanza, kama ilivyo desturi yetu. Walisema vizuri na walisema sana. Bi Tatu alisimama kwa kushika bega la jirani, maana magoti yalikuwa yameshaanza kumsumbua, akasema, "Sisi ngazi hatuziwezi. Vijana wana miguu, wapande." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mwenyekiti akauliza kama vijana wana neno. Wakasukumana viwiko. Mwishowe akasimama kijana mmoja wa viazi.

"Shikamooni wazee wetu."

"Marahaba," likaitika soko zima.

"Wazee wameshasema," akasema, akaketi.

Ikaandikwa kwamba kikao kimekubaliana kwa kauli moja: wa zamani chini, wapya juu. Kila mtu alifurahi jinsi vijana wetu walivyo na adabu. Mimi nikasimama pembeni kama Mzee Kibwana, nikatazama. Nikamwona Zawadi anafunga mzigo.

Zawadi alikuja sokoni akiwa msichana mdogo tu, akaanza kwa Bi Tatu kama mkuna nazi. Bi Tatu ndiye aliyemfundisha kugonga nazi akajua kwa mlio kama imeharibika, ndiye aliyempeleka Mkuranga kwa wakulima, na alipojifungua, Bi Tatu alimkanda kwa maji ya moto kama mwanawe wa kumzaa. Baadaye Zawadi akaanza kuuza nazi zake mwenyewe, pembeni ya bibi yake, kwa baraka zake. Sasa alikuwa amepangiwa juu, meza ya mwisho, karibu na tangi la maji.

Haikuchukua muda. Wanunuzi hawakupanda. Kwanza kijana mmoja akashusha kapu akalitandaza nje ya lango, kisha wa pili, mpaka ghorofa ikabaki na popo na njia ya watembea kwa miguu ikawa ndiyo soko. Mgambo wakaja, vijana wakakimbia, mgambo wakaondoka, vijana wakarudi. Na wazee wetu waliopewa meza za chini? Mteja aliyenunua kila kitu langoni aingie ndani kufanya nini? Walikaa kwenye vigae vyao vizuri wakipigwa na feni. Bi Tatu alikuwa anauza kidogo asubuhi kwa mama lishe wake wa siku zote, adhuhuri anafunika nazi kwa gunia anaondoka, na meza inalala mpaka kesho. Nje ya ukuta huohuo, juani, Zawadi alikuwa anauzia watu wanaotoka kazini.

Wakubwa wa ofisi ya masoko wakanipa muda mfupi. Ama njia iwe wazi, ama vijana waondolewe kabisa na ghorofa ifanywe stoo ya mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo ambaye alikuwa ameshakuja kupima kwa macho. Sikupata usingizi mzuri siku zile. Niliona nitakuwa msimamizi aliyefukuza watoto wa soko lake mwenyewe.

Jibu nililipata kwenye ugomvi. Bi Tatu alikuwa ametoka nje kupunga upepo, akaona turubai limeziba dirisha la meza yake, akalisukuma kwa mkongojo. Ndani ya turubai alikuwamo Zawadi, hakuona nani anayesukuma. Akalipuka.

"We nani unasukuma? Huko ndani mmejaa nafasi hamzitumii, mchana mnafunika magunia mnaenda kulala, halafu na huku nje mnatufuata? Sisi tuuzie wapi, mbinguni? Meza inakaa tupu nusu siku, mimi mwanangu analala kwenye boksi juani! Sema basi, hiyo ndiyo haki?"

Halafu akafunua turubai. Akamwona ni nani. Akapiga goti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba," akasema Bi Tatu, naye akageuka akaingia ndani polepole.

Ikaishia hapo. Mimi nilikuwa nimesimama na filimbi mdomoni, sijaipuliza. Nilikuwa nimesikia hoja nzima, tena nzuri kuliko zote zilizosemwa kikaoni, na nimeiona ikifa mbele ya macho yangu. Kwetu ukishampa mtu shikamoo huna tena ujasiri wa kumbishia. Si uoga. Ni kwamba umeshainama, na aliyeinama hapazi sauti. Tulikuwa tumechukua heshima ya vijana tukaiandika kwamba ni ridhaa yao.

Nikaitisha kikao kingine, nikatangaza masharti mawili. Atakayeanza kusema ni mdogo kuliko wote, tupande hivyohivyo kwa umri mpaka mkubwa. Na la pili: mlangoni watu wasalimiane kwa habari na mambo tu. Shikamoo zitatolewa mwisho wa kikao.

Jamani, nilitukanwa. Mzee mmoja wa vitunguu saumu aliniambia kwamba huko kwetu milimani labda ndivyo tunavyolelewa, na mimi mtoto wa Ilala nikameza. Mwenyekiti alitishia kujiuzulu. Nikaona sitaweza peke yangu, nikaenda kwa Mzee Kibwana nyumbani kwake. Alikuwa ameshakuwa mzee wa kushikwa mkono. Alinisikiliza, akavaa kofia yake ya pasi, akaja. Mlangoni, kijana wa kwanza kumwona akataka kupiga goti. Mzee akamshika kidevu.

"Hapa hakuna mwenye umri wangu," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Shikamoo zenu zote ni zangu kwanza, na mimi nimesema nitazidai baadaye. Kuna anayezitaka kabla yangu?"

Hakuna aliyezitaka. Tukaketi.

Waliomtangulia Zawadi walisema nusunusu, wakitazama sakafu. Zawadi aliposimama nikaona anamtafuta Bi Tatu kwa macho halafu anaogopa kumpata.

"Mimi sina ugomvi na bibi yangu," akasema. "Ninachojua chote kuhusu nazi kanifundisha yeye. Lakini tunaambiwa tungoje zamu, na hiyo zamu haipo. Mzee akichoka anamwachia meza mjukuu wake, ambaye yuko zake ofisini, hata bei ya nazi haijui, na mimi niliyeuza hapa napanda juu. Nangoja nini sasa? Na mimi nitazeeka. Na mimi magoti yatauma. Sasa nizeekee kwenye ngazi?" Akavuta pumzi. "Meza ya chini ikae na anayeuza. Asiyeuza aiachie."

Zamu ya Bi Tatu ilipofika hakushika bega la mtu. Alisimama kwa mkongojo, akanigeukia mimi.

"Mama Soko, wewe siku yako ikifika utapewa pensheni. Sivyo? Nani atanipa mimi? Pensheni yangu ni ile meza. Nimeinunua kwa mgongo huu, nikikaa kwenye tope, ninyi mkinichorea chaki. Leo mtoto niliyemkanda kwa mikono yangu anasema niiachie." Akaupiga mkongojo chini. "Haya. Semeni."

Nitawaambia wazi, nilitamani kulia, na nilikuwa na fahari wakati huohuo. Kwa mara ya kwanza wote wawili walikuwa wamesema, na wote wawili walikuwa na haki. Kazi yetu sisi wa masoko huanzia hapo. Kuchagua kati ya mwenye haki na mwongo, hiyo hata mgambo anaweza.

Tulikaa mpaka feni zikazimwa. Tulichokubaliana ndicho mnachokifuata mpaka leo, ingawa sasa mnakiona kama kilishuka na mvua. Kila meza ya chini ina watu wawili, wa zamani na wa ghorofani. Asubuhi ni ya mzee, maana wazee huamka mapema na wateja wao ni mama lishe na wenye hoteli. Kuanzia adhuhuri ni ya kijana, maana hapo ndipo watu wa maofisini wanapoanza kupita. Meza hairithiwi na asiyeuza. Mzee akichoka kabisa, meza inabaki kwa mwenzake, naye atamtunza kwa makubaliano wanayoyasema mbele ya kamati, si kwa huruma. Na njia ya nje iwe wazi. Stoo ya yule bwana wa Kariakoo ikafa kabla ya kuzaliwa.

Kisha zikaja shikamoo. Mzee Kibwana alipokea zake kwanza, akaitikia mpaka akachoka. Zawadi akavuka ukumbi, akapiga goti mbele ya Bi Tatu.

"Shikamoo bibi."

Bi Tatu alimtazama. Tukangoja. Akachukua mkongojo wake, akatoka.

Sijui kama mnafahamu uzito wa shikamoo isiyoitikiwa. Zawadi alibaki amepiga goti kama mtu aliyedondosha kitu. Mzee Kibwana akamwinua. Nilirudi nyumbani nikimwambia mume wangu kwamba nimeokoa soko nikaua familia.

Asubuhi niliwahi kazini kuliko kawaida. Bi Tatu alikuwa ameshafika, anapanga nazi kwenye nusu ya meza. Nusu tu. Zawadi alikuja na mwanawe mgongoni, akitaka kupita ngazini bila kutazamwa.

"Wewe," akaita Bi Tatu. "Ile shikamoo yako ya jana."

Zawadi akasimama.

"Marahaba." Akapangusa ile nusu nyingine kwa pindo la kanga, lilelile lililokuwa likifuta chaki yangu. "Mlete huyo mtoto hapa chini kwenye feni. Na adhuhuri usichelewe, mimi magoti yangu hayangoji mtu."

Nikaenda nyuma ya tangi la maji nikalia nikamaliza. Katika miaka yangu yote ya kazi sijapata siku ya kuifananisha na ile.

Nilidhani hadithi yangu na kanuni ile imeishia hapo. Lakini mwezi wa mwisho kabla sijastaafu, kamati ilitaka kuniaga kwa zawadi ya meza ya chini, kona ya langoni, bora kuliko zote. Sitajifanya mtu mwema: niliitaka. Nilikuwa nimeshaamua nitauza ndizi za Moshi, nimeshaona hata kitambaa cha kutandika. Hilda, msaidizi wangu ambaye sasa ndiye msimamizi wenu, akaitisha kikao kwa utaratibu uleule. Mdogo aanze, shikamoo mwisho.

Akasimama kijana wa vitunguu wa ghorofani.

"Mama Soko tunampenda, asikasirike," akasema. "Ila ile kona haina mzee wala mwenzake, na anayefuata kwa zamu huko juu ni mimi. Yeye ana pensheni yake. Sisi hatuna."

Masikio yalinichoma. Nilitazama huku na huku nikitafuta mtu wa kunitetea, na aliyesimama alikuwa Zawadi, mwanamke mzima sasa, mjumbe wa kamati.

"Namuunga mkono," akasema.

Iliniuma, nawaambia kweli. Nilikaa na uchungu wangu mpaka kikao kikaamua kona iende juu, kikaisha. Kisha Zawadi akaja, na unene wake wa siku hizi, akapiga goti mbele yangu.

"Shikamoo mama."

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Kwenye stuli yake karibu na mlango alikuwapo Bi Tatu, ambaye bado huja asubuhi akijisikia vizuri, na ndiye aliyepaza sauti.

"Na wewe usije ukangoja mpaka kesho!"

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, machozi yakinitoka. Nikamshika Zawadi mikono yote miwili.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Mwiteni huyo wa vitunguu nimkabidhi kona yake."